Gari la Viti Viwili Kutoka Kikambala

Mmeniuliza dukani, mmeniuliza harusini, na Bi Rehema amenipigia simu mara nne hali milango yetu inatazamana. Basi nimeona heri niketi niandike yote mara moja, kila mtu asome, kisha mniache nikaoshe gari langu. Habari za benki na karatasi za kubadilisha jina naziruka, hazina ladha. Nitawaeleza njia tuliyopita, watu tuliokutana nao, na jinsi nilivyokaribia kununua gari lililokunywa maji.

Kwa wale watakaosomewa na wengine na hawanijui: mimi ni Zuhura, mjane wa miaka hamsini na miwili, mwenyeji wa Mambrui. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa dereva wa basi dogo la shule pale Malindi. Watoto kumi na wanne kila asubuhi, mwendo wa kobe, kusimama kila mlango. Nimepangusiwa kamasi kwenye buibui, nimetapikiwa mabegani, nimeamua ugomvi kwa kutazama kioo cha nyuma. Niliwapenda wote. Lakini siku niliyorudisha funguo za shule nilikuwa najua ninachotaka: gari la spoti, la milango miwili na viti viwili, lenye gia za mkono, lisilo na mahali pa kumweka mtoto wa mtu.

Mambrui hadi Malindi: nusu saa iliyokula asubuhi nzima

Niliondoka nyumbani Jumamosi mapema, nimevaa viatu vya kuendeshea, kana kwamba gari linanisubiri mlangoni. Miadi yangu ilikuwa na Fundi Kazungu, ambaye gereji yake iko nyuma ya soko la Malindi na ambaye amelitengeneza lile basi la shule kwa miaka kumi na mmoja. Kazungu ni Mgiriama wa Tezo, mtu wa maneno machache. Akikwambia kitu "si mbaya", jua amekisifu mno. Nilimwomba anisindikize kwa sababu kuendesha najua, lakini moyo wangu ulikuwa umekwisha nunua kabla ya macho kuona. Alikubali kwa sharti moja.

"Bi Zuhura," aliniambia, "ukilipenda gari, lipende kimya kimya."

Nilipofika nilimkuta chini ya lori la mtu mwenye kinu cha kusaga mahindi, lori ambalo gia zake zilikuwa zimefunguliwa na kutandazwa juu ya gunia. Aliniambia bado kidogo. Nikaketi juu ya tairi. Nikala mahamri kwa mbaazi, nikangoja, nikala tena. Mwenye kinu akaniuliza gari langu ni lipi kati ya yale yaliyosimama pale. Nikamwambia sina bado. Akaniuliza basi gereji nimefuata nini, na kabla sijajibu, sauti ya Kazungu ikatoka chini ya lori ikisema kwamba mama huyu ana haraka, amekuja kutengenezewa gari ambalo hajalinunua. Wote wakacheka, nami nikacheka, lakini saa nilikuwa naitazama.

Tuliondoka karibu na adhuhuri kwa pikapu yake. Nawaarifu kwamba fundi ninayemwamini kuliko wote ana pikapu ambayo mlango wa abiria haufunguki kwa ndani. Kila tuliposimama ilinibidi nitulie hadi azunguke aje anifungulie kama bibi harusi.

Malindi hadi Watamu: gari jeupe lenye harufu ya udi

Gari la kwanza lilikuwa Watamu, kwa bwana mmoja aitwaye Feisal, mwenye shati la kitani na maneno laini. Alitupokea kwa juisi ya ukwaju na kaimati za moto. Na gari lenyewe, wenzangu, lilikuwa jeupe kama mtindi, limesimama kwenye kivuli cha ukuta wa maua, limeinama kwa mbele kama paka anayetaka kuruka. Nilisahau sharti la Kazungu papo hapo. Nadhani nilisema "Masha'Allah" kabla hata ya kuitikia salamu.

Feisal alinifungulia mlango, nikaketi. Ndani mlinukia udi. Si marashi ya chupa, bali udi wa kufukiza, ule tunaoufukizia nguo za harusi. Nikasema moyoni, hili ni gari la watu wenye adabu. Nikashika usukani. Nikajiona ninapita mbele ya shule siku ya mkutano wa wazazi.

Kazungu hakuwa ameonja juisi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti, akauliza kwa upole gari limetoka wapi. Feisal akasema lilikwenda kununua mkate. Kazungu akanieleza baadaye kwamba mwuzaji anayeipasha injini joto kabla hujafika mara nyingi hataki usikie inavyowaka ikiwa baridi. Pale pale alikuja upande wangu, akaushika mkanda wa kiti, akaanza kuuvuta polepole. Akauvuta hadi mwisho kabisa, mahali ambapo hakuna mtu aliye hai mwenye tumbo la kufika. Shibiri ya mwisho ya mkanda ule ilikuwa na rangi nyingine, na kati ya rangi mbili palikuwa na mstari wa kahawia, kama ule unaobaki kwenye kikombe cha chai kilicholala bila kuoshwa. Kisha akainua zulia, akapenyeza kidole kwenye vyuma vya chini ya kiti, akanionyesha. Tope laini, jekundu.

"Bi Zuhura," akasema, "gari hili limeogelea."

Maji ya mafuriko yalikuwa yamefika usawa wa viti. Gari la namna hiyo, alinieleza, huoshwa, hukaushwa, hung'arishwa, nalo hutembea vizuri miezi miwili mitatu. Kisha waya huanza kuoza mmoja mmoja, leo taa, kesho breki. Udi ulikuwa wa kufunika harufu ya unyevu. Feisal alisema tope lile ni la miguu ya watu. Kazungu akamwuliza, bila kupandisha sauti, ni miguu gani inayokanyaga ndani ya mkanda.

Feisal alitabasamu akaanza kupunguza bei. Nami nitasema kweli, maana nimeahidi kusema yote: nilitaka kukubali. Nilimvuta Kazungu kando nikamwambia labda maji yalikuwa machache. Alikwenda kwenye pikapu, akafungua mlango wangu, akasimama ameushika. Nikapanda. Sikumsemesha hadi tukaupita wote ule msitu wa njia ya Kilifi.

Watamu hadi Tezo: nilivyochukuliwa kuwa mnyang'anyi

Tulipanga kulala Tezo, nyumbani kwa mama yake Kazungu, Mama Dama, mwanamke mwembamba mwenye korosho zake na mbuzi zake, ambaye Kiswahili chake huingiwa na Kigiriama kila anapokasirika. Siku hiyo kilikuwa kimeingiwa sana. Nilimwamkia kwa heshima zote, naye akaitikia bila kunitazama. Chakula kilipokuja, sima na mboga chungu ya mchunga na samaki wa kukaanga, Kazungu alipewa samaki wa kujaza sahani, mimi nikapewa kisamaki kama kidole gumba. Nikadhani ndivyo alivyo.

Tukiwa katikati ya kula, mama akashindwa kujizuia. Akaniambia kwamba ile pikapu ndiyo inayochukua korosho zake hadi Kilifi, na kwamba kama mwanawe ana kosa nami, tukae tuzungumze kama watu. Nilimtazama Kazungu, Kazungu akanitazama. Kumbe mwanawe alipompigia simu alimwambia kwamba anakuja na Bi Zuhura, "anakuja kuchukua gari". Mama wa watu akaelewa kwamba nimekuja kuwanyang'anya pikapu.

Kazungu alipomweleza, Mama Dama alicheka hadi akashika mbavu, kisha akainuka mwenyewe akaniletea samaki wa pili, mkubwa. Sasa akataka kujua gari ninalolitafuta ni la namna gani. Nikamwambia la watu wawili. Akauliza na wengine wataketi wapi. Nikamwambia hakuna wengine. Akauliza, huyo wa pili ni nani basi, maana mwanawe amemwambia kwamba mume wangu ametangulia. Nikamwambia kiti cha pili ni cha mkoba wangu. Nikamweleza ile miaka kumi na tisa, wale watoto, ile milango yote niliyosimama. Nilikuwa nangoja anicheke, kama wengine wenu mlivyonicheka.

Alichambua mfupa wa samaki.

"Mimi nilizaa tisa," akasema. "Ningepata kiti kimoja cha peke yangu, ningekaa."

Nami usiku ule kabla ya kulala nilimwomba Kazungu radhi kwa kumnunia njia nzima. Akaniambia hakuwa amejua kama nimenuna, alidhani nimechoka.

Tezo hadi Mnarani: boneti tupu

Jumapili tulianza vizuri tukaharibikiwa Kilifi, ambapo tairi la nyuma la pikapu lilikwisha upepo mbele ya mama muuza viazi karai. Kama kuna mahali pa kupasukiwa na tairi katika pwani hii, ni pale. Wakati Kazungu anapiga jeki, mimi nilikuwa kwenye sahani ya pili, na ukwaju wa yule mama bado nauota.

Gari la Mnarani silisemi sana. Mwenyewe alikuwa ametuhakikishia kwa simu kwamba ni jeusi, safi, tayari kabisa. Jeusi lilikuwa, na safi lilikuwa. Kazungu alipoinua boneti, ndani mlikuwa na waya, vumbi, na kuku aliyeatamia mayai. Injini hamna. Mwenye gari akasema iko njiani inatoka Mombasa. Kazungu akarudisha boneti taratibu sana, asimsumbue kuku, na tulipofika barabarani alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Malindi, akacheka hadi ikabidi asimamishe pikapu.

Mnarani hadi Kikambala: daftari la makosa saba

Tulipita mashamba ya katani ya Vipingo jua likiwa kichwani, nami nimekata tamaa nusu. Mwenye gari la tatu aliitwa Bwana Shee, Mbajuni wa visiwa vya kaskazini aliyehamia Kikambala zamani, na kwa miaka thelathini alikuwa fundi wa injini za boti za hoteli moja huko ufukweni. Sasa amestaafu. Alitoka na kikoi na miwani, nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, akamshika Kazungu mkono akamwongoza nyuma ya nyumba lilikokuwa gari. Mimi akanionyesha mlango wa jikoni, akasema mkewe, Bi Amina, yuko ndani, nipumzike.

Nami nilivyolelewa, nikaenda. Nilimkuta Bi Amina anakuna nazi. Tukasalimiana, tukaulizana habari za watu, na baada ya muda akaniuliza mume wangu amepatwa na nini hata atake gari la namna ile katika umri wake. Nikamwambia yule si mume wangu, ni fundi wangu, na gari ni langu mimi. Bi Amina akaweka kifuu chini. Akaenda hadi mlango wa uani.

"Shee," akamwita, "mnunuzi yuko huku jikoni."

Bwana Shee aliniomba radhi mara tatu. Kisha akaniondolea turubai. Gari lilikuwa la kijani kilichokolea, kijani cha chupa ya soda, fupi, duara kwa nyuma, na paa lake ni la kitambaa kizito linalokunjwa. Halikung'arishwa. Lilikuwa na vumbi la siku mbili. Safari hii nililipenda kimya.

Kabla Kazungu hajainua chochote, mzee alimpa daftari la shule. Ndani, kwa kalamu ya buluu na mwandiko wa kupendeza, alikuwa ameandika makosa saba ya gari lake. Gia ya pili ni kaidi asubuhi. Paa linavuja upande wa dereva. Mshale wa petroli unadanganya. Chini ya mlango wa kushoto palikuwa na kutu ya chumvi, akakata, akaziba kwa dongo. Na kadhalika.

Mngedhani Kazungu angefurahi. Alinivuta kando akaniambia hajapata kuona mwuzaji wa namna hii, na kwamba mtu anayekupa makosa saba bila kuulizwa bila shaka ameficha la nane. Akaanza kulitafuta. Alitoa sumaku iliyofungwa leso, akaitembeza juu ya bodi yote polepole, kwa sababu sumaku hushika chuma, haishiki dongo la kuzibia. Ilianguka mahali pamoja tu, chini ya mlango wa kushoto, palepale daftari liliposema. Alilala chini ya gari juu ya mkeka wa Bi Amina. Alikagua tairi kama zimelika upande mmoja. Alifungua kifuniko cha oili kutazama kama pana ute mweupe wa oili iliyoingiwa na maji. Aliuvuta mkanda hadi mwisho. Ulikuwa na rangi moja mwanzo hadi mwisho. Kila alipokosa kosa uso wake ulizidi kukunjamana.

Kisha nikaliendesha, Bwana Shee kando yangu. Sijui niwaelezeje. Unaketi chini kama uliyeketi mkekani, barabara iko karibu ungeweza kuigusa. Usukani hausubiri umalize kuwaza. Nilipotia gia ya tatu mgongo wangu ulisukumwa kwenye kiti na mkono usioonekana, nikasikia mtu anacheka, na mtu huyo alikuwa mimi. Tulipokaribia kurudi, Bwana Shee akaniuliza kwa adabu kwa nini napunguza mwendo kila tunapofika mlango wa watu. Sikuwa nimejua kama napunguza.

Kikambala: alasiri ya kungoja

Niliposhuka nilitaka kulipa saa ile ile. Kazungu akakataa. Injini ilikuwa moto sasa, na yeye alitaka kuisikia ikiwaka asubuhi, imelala usiku kucha. Bwana Shee akasema ni haki yetu, lakini naye ana jambo la haki la kutuambia: kuna mtu anakuja alasiri kutoka Mombasa, amemwahidi atamwonyesha gari, na akilitaka hawezi kumzuia. Aliyenunua kwanza ndiye mwenyewe.

Basi nikawa na njia mbili. Nilipe sasa, kabla fundi hajamaliza, au ningoje nilikose. Nilikaa kwenye kibaraza cha Bi Amina nikilitazama lile gari. Kazungu hakunishawishi. Alisema gari ni langu na kauli ni yangu. Nikafikiri kwamba jana tu nilikuwa tayari kununua tope kwa sababu linanukia udi, na kwamba moyo ule ule ndio unaonisemesha leo.

Nikamwambia Bwana Shee tutangoja.

Alikuja, bwana wa miwani myeusi na rafiki zake wawili. Alipopewa daftari alilirudisha bila kulifungua. Akaingia, Bwana Shee akaingia kando yake, wakaondoka kwa kishindo kilichowarusha kuku wa jirani. Mimi na Kazungu tulisimama ukingoni mwa barabara. Tulilisikia gari likilia mbali huko, sauti ambayo nina hakika halijawahi kuitoa, kisha likaonekana linarudi. Lilipotukaribia yule bwana aliinua mguu, gari likashusha pumzi, kisha akakanyaga tena hadi chini, mbele yetu kabisa. Nyuma ya gari kukatoka wingu.

"Moshi wa buluu," Kazungu akasema.

Yule bwana naye aliuona kwenye kioo. Alisimama, akashuka, akasema mbele ya watu kwamba injini imekufa, na kwamba mzee huyu ni mwongo anayejifanya mcha Mungu na daftari lake. Wakapanda gari lao wakaenda zao. Bwana Shee alibaki amesimama kwenye mchanga na funguo mkononi. Sipendi kukumbuka uso wake. Kwa miaka thelathini neno lake juu ya injini lilikuwa la mwisho pale hotelini, na sasa majirani walikuwa wametoka milangoni kutazama.

"Wallahi sikujua," alituambia. "Sijaliendesha zaidi ya sitini."

Nilimwamini. Kazungu pia alimwamini, nikaona uso wake umekunjuka, maana kosa la nane lilikuwa limepatikana na halikufichwa na mtu. Alinieleza mambo yalivyo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ikiwa inapita kwenye vile vipira vidogo vya kuzuia oili juu ya injini, ni kazi ya siku moja. Ikiwa inapita pembeni mwa pistoni, injini yote itafunguliwa na ni afadhali turudi nyumbani. Lipi kati ya mawili, tutajua asubuhi.

Bi Amina alikataa kabisa nitafute pengine pa kulala. Alitupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukala wote isipokuwa mwenye nyumba, aliyesema ameshiba. Nilimwona ameketi peke yake karibu na gari, daftari limo mapajani.

Asubuhi Kazungu aliweka kiganja kwenye boneti, ilikuwa baridi. Aliwasha. Moshi mdogo wa buluu ulitoka mara moja, kisha ukakatika, na injini ikatulia ikanguruma sawasawa. Akaizima, akafungua plagi, akatoa geji yake ya kupimia nguvu ya kila pistoni. Alipima ya kwanza, akaandika mkononi kwa kalamu. Ya pili. Ya tatu. Bwana Shee alikuwa amesimama nyuma yake na tasbihi, nami nyuma ya Bwana Shee, na Bi Amina mlangoni. Kazungu alipima ya nne, akatazama mkono wake, akatugeukia.

"Zote nne zinalingana," akasema. "Ni vipira tu. Si mbaya."

Bwana Shee aliketi kwenye ngazi, akachukua kalamu ile ile ya buluu akaandika kosa la nane chini ya yale saba. Kisha akapunguza bei kabla sijafungua mdomo, na nilipotaka kusema kwamba amepunguza mno, Kazungu alikohoa, nikanyamaza. Nilimwambia mzee nalitaka gari lake. Aliniomba jambo moja tu, kwamba vipira vikishabadilishwa nimpigie simu, apate kulala.

Kikambala hadi Mambrui

Jumatatu hiyo nilirudi nyumbani kwa gari langu, paa limekunjwa, ukaya wa kichwani nimeufunga mafundo mawili, na Kazungu nyuma yangu na pikapu yake akinipungia mkono nipunguze kila nilipovuka sitini, kwa ajili ya vile vipira. Vipingo nilinunua madafu kwa sababu tu nilitaka kusimama na kuondoka tena. Kwenye daraja la Kilifi abiria wa basi zima waligeuza vichwa, mwanamke wa makamo amevaa buibui kwenye gari la kijani lisilo na paa, na mmoja akanipigia picha. Askari wa barabarani alinisimamisha akaniuliza mwenye gari yuko wapi. Nikamwambia unamsemesha. Akalizunguka mara mbili, akaniuliza linakwenda kasi gani. Nikamjibu kwamba fundi wangu hajaniruhusu kujua.

Kwenye msitu, kabla ya Gede, mvua ilitushukia ghafla. Hadi nimemaliza kung'ang'ana na paa nilikuwa nimelowa, na lilipofungika likaanza kudondosha kwenye bega langu la kulia. Niliendesha nikicheka peke yangu, maji yananitiririka mgongoni. Nimewahi kulowa mara nyingi barabarani na watoto wa watu, nikihesabu vichwa na kupiga kelele. Sikuwahi kujua kwamba mvua kwenye turubai ina mlio mzuri hivyo.

Malindi jua lilikuwa limerudi. Nikavuka daraja la Sabaki paa wazi tena, barabara imenyooka mbele, hakuna gari. Kazungu alikuwa amesema atanisindikiza hadi mlangoni kwangu, ahakikishe nimefika. Tukakaribia njia ya kuingia Mambrui. Niliiona, nikaona na kina Bi Rehema wamesimama pale wananingoja, mmoja ameinua mkono.

Hapo ndipo mnaponiuliza kila siku kilitokea nini, kama breki zilikataa au macho yangu yana kasoro. Breki ni nzima na niliwaona wote. Mguu wangu uliinuka wenyewe kwenye petroli, kama ulivyozoea kufanya kwenye kila mlango kwa miaka kumi na tisa. Nikaurudisha. Nikatia gia ya nne, nikawapita, na nyuma yangu Kazungu akipiga honi akidhani nimesahau kwangu, nikaendelea na barabara hadi mji wa mbele, Gongoni.